Nani Ana Ruhusa ya Kuturudisha? Barua ya Wazi kwa Wenye Viwanda na Maabara za Lualaba

Kwa wakurugenzi wa viwanda vya shaba na kobalti, wakuu wa maabara na viwanda vya majaribio, wakuu wa idara za usalama, na walimu wenzangu mnaopeleka wanafunzi staji, mafunzo ya kazini.



Mimi ni mwalimu wa kemia, Kolwezi mjini. Kila mwaka kiangazi kikiingia, vumbi jekundu likianza kukaa juu ya majani ya miembe, nakodi basi na kuwapeleka wanafunzi wangu kuona kwa macho kile nilichowachorea ubaoni tangu Oktoba. Kwa hiyo nianze na shukrani. Mtoto aliyesimama akaona bamba la shaba likinyanyuliwa kutoka tangi la umeme, linametameta na kuchuruzika maji, hahitaji tena kukaririshwa elektrolisisi. Wengi wa wahandisi mnaowaajiri leo waliingia kwenu mara ya kwanza wakiwa wageni, wamevaa kofia zilizowapwaya, wakitembea kwa mstari nyuma ya mtu mwenye redio mkononi. Sitaki malango hayo yafungwe. Nina hofu kwamba siku moja yatafungwa, na sababu yake naijua, kwa maana niliiona ikianza.

Ilikuwa mwezi wa saba, miaka michache iliyopita. Jina la kiwanda silitaji, na la yule dada aliyetusindikiza nalificha pia. Tulikuwa wanafunzi 31 na mimi, basi moja. Tulipelekwa kwenye kiwanda cha majaribio, kile kidogo ambamo mawe ya mgodi mpya hupimwa kwanza kabla ya kujenga matangi makubwa. Msindikizaji wetu alikuwa enjenieri kijana, mwenye sauti ya kusikika na macho ya kuhesabu watu kila tulipopinda kona. Tulipofika mahali pa kuyeyushia mawe kwa asidi, akasimama ghafla. Akatazama bomba moja la mpira lililopita juu ya njia, akasema, taratibu, kama anajiambia mwenyewe: “Hili jana halikuwepo.”

Akatuambia turudi nyuma hatua kumi. Hapo redio ikamwita. Shefu wa zamu alitaka kujua tuko wapi, mbona tumechelewa, kuna ujumbe wa wakubwa unaingia saa tano na njia iwe wazi. Akajibu kwamba kuna bomba asilolijua. Akaambiwa lilifungwa usiku, ni zima, apite. Mimi nikasikia, na badala ya kunyamaza nikaongeza langu: “Mama, tumetoka mbali, na matangi ndiyo hasa tuliyokuja kuona.” Alinitazama kidogo. Kisha akatuongoza kupita.

Kiungo cha bomba lile kilikuwa kinapumua. Hakikupasuka, hakikupiga kelele. Kilitema matone machache tu, na moja likamwangukia jichoni mvulana aliyekuwa amepandisha miwani ya kinga juu ya paji la uso ili afute jasho. Tulimkokota mpaka kwenye kisafisha macho kilichokuwa hatua chache pale ukutani, kimepakwa rangi ya kijani, kizuri. Dada yule akakandamiza kibao cha kufungulia maji. Kikakohoa hewa. Kulikuwa na delestaji, yaani mgao wa umeme, tangu asubuhi, na pampu ya maji ya upande ule haikuunganishwa na jenereta. Jicho la yule kijana tuliliosha kwa chupa za maji ya kunywa tulizobeba kwa ajili ya chakula cha mchana, moja baada ya nyingine, wenzake wakifungua vizibo kwa meno. Alipona. Ana kovu dogo kwenye weupe wa jicho, na anaona.

Ripoti ya tukio ilikuwa na sentensi moja ya sababu: mgeni aliondoa miwani kinyume cha maelekezo. Dada yule akahamishiwa ofisi ya kupanga mafaili. Ya redio hayakuandikwa. Ya maji hayakuandikwa. Ya mwalimu aliyemhimiza mtu aliyekuwa amekwisha kuiona hatari hayakuandikwa pia, na mimi sikwenda kuomba yaandikwe. Hayo nayakiri hapa kwa kuwa nisipoanza na kosa langu, barua hii itakuwa ya kunyoosha kidole tu.

Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe: hata akijichanganya na kundi, huonekana. Nyinyi mmeuchukua msemo huo mkautia kwenye sare. Mgeni mnampa kofia ya rangi yake na kizibao kinachong'aa ili kila mtu wa kiwandani amjue. Ni jambo jema. Lakini kuonekana ni nusu ya kazi. Kofia ile inawaambia wafanyakazi kwamba huyu hajui kitu. Haimwambii yeye mwenyewe asichokijua ni kipi.

Fikirini mfanyakazi wenu wa kawaida anajua nini bila kufikiri. Anajua harufu ya gesi ya salfa, ile ya kiberiti kilichowashwa, na anajua kwamba ikimchoma koo apande, asiiname, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa zaidi ya mara mbili na hulala chini, mitaroni na kwenye mashimo ya pampu. Anajua kwamba asubuhi za baridi za Juni na Julai hewa ya Kolwezi hutulia kama maji ya bwawa, na gesi haiondoki haraka. Anajua king'ora cha moto ni kipi na cha baruti ni kipi. Alipimwa na daktari kabla ya kuanza kazi. Mgeni hana hata kimoja katika hivyo. Akihisi kizunguzungu atachuchumaa, maana ndivyo alivyolelewa: ukijisikia vibaya, keti. Kuketi kule kunampeleka palepale gesi ilipo.

Tena karatasi ya langoni inamuuliza nini? Jina, namba ya kitambulisho, chuo, saa ya kuingia. Haimuulizi kama ana pumu, ilhali mwenye pumu hubanwa kifua na kiasi kidogo cha gesi ya salfa ambacho mwenzake hata hakisikii. Haimuulizi kama ana kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, na hapo nina neno. Kwenye ukumbi wa elektrolisisi kila tangi lina volti mbili hivi tu, kwa hiyo watu hudhani hakuna cha kuogopa. Kinachopita mle ni mkondo wa makumi elfu ya ampea, na mkondo wa namna hiyo huzungukwa na uga wa sumaku unaoweza kukichanganya kifaa hicho. Wanafunzi wangu hawana vifaa vya moyo. Wazee wa bodi mnaowaleta kupiga picha mbele ya mabamba, wale wanaotoka Kinshasa, Ulaya na China, wengine wanavyo. Nani huwauliza? Ni aibu kumuuliza mkubwa habari za moyo wake, najua. Aibu hiyo ni ndogo.

Kwenye mitambo ya kutenganisha shaba kwa vimumunyisho, mgeni huambiwa aache simu langoni, naye hununa, akidhani mnaficha siri za kiwanda. Mwambieni ukweli! Matangi yale yamejaa kimiminika cha jamii ya mafuta ya taa, na cheche ndogo, hata ya umeme tuli, inatosha. Kule Australia, kwenye mgodi wa Olympic Dam, sehemu hiyohiyo ya kiwanda iliungua Desemba 1999, ikatengenezwa, ikaungua tena Oktoba 2001. Mwanafunzi akisikia habari hiyo hahitaji kuambiwa mara mbili. Simu ataitoa mwenyewe, na ya rafiki yake pia. Kanuni bila sababu ni amri, na kijana wa Kolwezi amezoea kuzizunguka amri tangu akiwa mtoto, la sivyo nusu ya mji huu isingekula.

Hapo nakaribia jambo jingine ambalo halihusu barua hii moja kwa moja, lakini nikilikwepa mtanicheka. Mji wetu una wageni wa namna mbili. Kuna wenye beji, na kuna wasio na beji wanaopita chini ya waya usiku na magunia. Tarehe 27 Juni 2019, kwenye machimbo ya Kamoto, ukuta wa shimo uliwaangukia hao wa pili na kuua watu 43, na kampuni yenye machimbo hayo ikasema kwamba watu wapatao 2,000 walikuwa wakiingia eneo lake kila siku. Wale nao walikuwa wageni wa mtu, watoto wa mtu. Wanastahili barua yao, na itakuwa ndefu kuliko hii. Hapa nasema la wale ambao nyinyi wenyewe mmewafungulia lango mkawaambia karibuni.

Maana neno karibu lina deni ndani yake. Nyumbani kwetu mgeni akijikwaa kizingitini, mwenye nyumba ndiye anayesema pole, wala hamwambii angetazama mguu wake. Na ule msemo wa kwamba mgeni siku ya tatu apewe jembe, viwandani haufai hata siku ya thelathini. Mgeni hashiki kitu, hafungui valvu, hasaidii kubeba sampuli. Nimeona wanafunzi wa staji wakipewa ndoo za sampuli wiki ya kwanza kwa sababu mtu wa zamu hakufika. Mwanafunzi hufurahi, anajiona mhandisi. Maabara zinazoyeyusha mawe kwa asidi ya haidrofloriki zinajua kwamba tone la asidi hiyo, likiwa hafifu, haliumi mwanzoni. Linapenya ngozi kimya na kuanza kula kalisi mwilini, na maumivu yanakuja saa kadhaa baadaye, kijana akiwa amekwisha kurudi Manika au Dilala, mbali na ile dawa ya kupaka yenye kalisi ambayo ingemsaidia. Huyo atamwambia nani? Mama yake atampaka mafuta.

Tangu siku ile ya chupa za maji nimekuwa nikisoma habari za watu waliokuwa wamesimama tu wakitazama. Moja inatuhusu zaidi ya nyingine. Mnakumbuka kwamba sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa hapa kwetu, Shinkolobwe karibu na Likasi, katika enzi za Union Minière. Vita vilipokwisha, watafiti wa Los Alamos waliendelea na majaribio. Tarehe 21 Mei 1946 mwanafizikia Louis Slotin alikuwa akimwonyesha mwenzake jinsi ya kusogeza nusu mbili za ganda la berili juu ya tufe la plutoniamu, akizitenganisha kwa bisibisi mkononi. Chumbani walikuwamo watu wanane, na wengi wao hawakuwa na kazi yoyote kwenye jaribio lile, walikuwa wakitazama. Bisibisi ikateleza. Mwanga wa bluu ukawaka, naye akalitupa ganda la juu chini kwa mkono wake. Alikufa siku tisa baadaye. Waliobaki waliokolewa na umbali wao tu, hatua moja huku, hatua mbili kule, na mmoja aliyesimama nyuma ya bega lake alikingwa kwa sehemu na mwili wa Slotin mwenyewe.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mkitazame. Hawakuongeza tangazo ukutani la kuwataka watazamaji wawe waangalifu. Majaribio ya mkono yalikomeshwa, na mashine zikaanza kuendeshwa kutoka mbali. Waliuondoa mwili wa mtu kwenye hatari. Walikuwa wamechelewa, lakini swali walilojiuliza lilikuwa la kweli: kwa nini watu hawa walikuwa pale?

Habari ya pili ni ya New Zealand. Kisiwa cha Whakaari ni volkano, na wasafiri walipelekwa huko na wasindikizaji wenye ujuzi, kofia ngumu vichwani na barakoa za gesi mkononi. Novemba 18, 2019 wataalamu walipandisha kiwango cha tahadhari kutoka 1 hadi 2. Safari zikaendelea. Desemba 9 volkano ikalipuka; kisiwani walikuwamo watu 47, na waliokufa ni 22, wasindikizaji wawili wakiwamo. Nimeifikiria sana ile picha ya kiongozi anayeiamkia asubuhi taarifa ya tahadhari huku tiketi zimekwisha kuuzwa na mashua inangoja. Sijui aliwaza nini. Najua dada yetu wa Kolwezi aliwaza nini, kwa sababu nilimwona usoni: kwamba hatari anaiona, na ruhusa ya kuisikiliza hana.

Ndiyo maana ombi langu kubwa ni moja, na yote mengine mnaweza kuyasahau mkilishika hili. Mtu anayesindikiza wageni apewe, kwa maandishi yenye saini ya mkurugenzi, mamlaka ya kusimamisha ziara na kuwarudisha watu langoni bila kuomba ruhusa kwa yeyote, na bila kuulizwa siku hiyo kwa nini. Aulizwe kesho yake, ofisini, kwa chai. Siku ile neno lake liwe la mwisho juu ya shefu wa zamu, juu ya mwalimu, juu ya waziri. Na karatasi hiyo isomwe kwa sauti langoni mbele ya wageni, ili sisi tunaopenda kusema “tumetoka mbali” tuisikie kabla hatujafungua midomo.

Mtasema mamlaka hayo yapo, yamo kwenye kanuni zenu. Nimeziona. Kila ukuta una tangazo kwamba kila mtu ana haki ya kusimamisha kazi isiyo salama. Lakini haki iliyoandikwa kwa ajili ya kila mtu, kijana wa mwaka wa pili kazini hawezi kuitumia mbele ya sauti ya shefu kwenye redio. Anayo rehani ya nyumba, ana wadogo zake watano anaowasomesha, na anajua kuna vijana mia nje ya lango wenye diploma kama yake. Anahitaji kusikia jina lake likitajwa: leo wewe ndiye. Na mara ya kwanza akirudisha kundi kwa jambo ambalo baadaye linaonekana halikuwa kitu, mtakachomfanyia siku hiyo ndicho kitakachoandika kanuni yenu ya kweli. Mkimcheka, imekwisha.

Hili ni kubwa zaidi kwenye maabara na viwanda vya majaribio kuliko kwenye kiwanda kikubwa. Kiwanda kikubwa cha Luilu kilianza kazi 1960. Mzee aliyezeeka pale anaweza kuzipita njia zake amefumba macho. Kiwanda cha majaribio kinaundwa ili kibadilike. Wiki hii wanapima mawe ya kijani ya juu, wiki ijayo mawe meusi ya chini. Bomba linahamishwa, tangi linageuzwa kazi, mtungi wa gesi unasogezwa karibu kwa sababu jaribio lilihitaji. Ramani ya usalama iliyo kwenye fremu ya kioo ni ya mwaka uliopita. Hapo msindikizaji apite njia yote peke yake asubuhi ileile, nusu saa kabla ya wageni, akiwa na mtu wa zamu ya usiku ambaye hajaenda kulala. Dada yule angeliona bomba lile saa moja asubuhi bila wanafunzi 31 nyuma yake, na jambo lingeishia hapo.

Na maji. Jamani, maji. Jicho lililoingiwa asidi linataka maji yanayotiririka robo saa nzima bila kukatika, na viwanda vingi duniani hufuata kipimo cha kwamba chombo kiwe mahali ambapo mtu hufika kwa sekunde kumi. Kwetu chombo kipo sekunde tano, na SNEL, kampuni ya umeme, imekata. Sote tunajua delestaji haiombi hodi. Basi bafu la dharura na kisafisha macho viwe na tangi lao juu ya mnara, maji yashuke yenyewe kwa uzito wake, bila pampu. Bibi yangu kijijini alikuwa na mtungi juu ya jiwe uliofanya kazi hiyohiyo. Kisha ziara ianzie hapo: mgeni wa kwanza akandamize kibao kwa mkono wake mwenyewe, maji yatoke, wote waone, wajue kilipo na kinavyosikika. Maji yasipotoka, basi ligeuzwe. Mnapoteza dakika tatu.

Mambo madogo nayapitia haraka. Wageni wanane kwa msindikizaji mmoja. Hiyo ni hesabu yangu mwenyewe, ya mwalimu anayejua ni watoto wangapi anaweza kuwaona kwa mara moja bila kugeuza shingo, na mwenye hesabu bora aitoe. Mtu wa pili awe nyuma ya mstari. Wahesabiwe wakiingia na wakitoka. Miwani iwe ya aina isiyokusanya mvuke, maana yule kijana hakuipandisha kwa ukaidi, hakuwa anaona. Viatu na makoti ya vumbi viachwe kwenu vioshwe kwenu: utafiti wa Banza Lubaba Nkulu wa Lubumbashi, Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, uliochapishwa 2018, ulikuta kobalti nyingi kwenye mkojo wa watu wa mtaa wetu wa Kasulo waliokuwa wakiishi juu ya machimbo, watoto wakizidi wakubwa. Vumbi halina beji; likipanda basi na mgeni litashuka naye sebuleni kwake.

Lugha inataka neno zaidi. Maelekezo ya langoni nimeyasikia kwa Kifaransa cha kusoma, kwa Kiingereza cha video, na mara moja kwa Kichina kilichotafsiriwa na mtu aliyekuwa akitabasamu sana. Wanafunzi wangu wanajua Kifaransa, ndiyo, wamekisomea. Lakini mtu akiungua haungui kwa Kifaransa. Siku ile, bomba lilipotema, kila mtu alipiga kelele kwa Kiswahili, na yule aliyepiga kelele kwa lugha nyingine hakusikilizwa. Maelekezo yatolewe kwa Kiswahili cha Kolwezi, kisha mgeni ayarudie kwa kinywa chake: ukisikia king'ora unakwenda wapi? Upepo unatoka upande gani leo? Nani anaongoza? Anayeshindwa kujibu hajaelekezwa bado, hata kama ametia saini.

Saini hiyo nayo. Ile karatasi ya kutamka kwamba mgeni ameingia kwa hiari yake na lolote litakalompata ni juu yake, iondoeni mezani. Mwanafunzi aliye kwenye foleni ya lango, alama zake za mwaka zikitegemea ripoti ya ziara, ana hiari gani? Hapo nawageukia nyinyi, walimu wenzangu. Ziara isitiwe alama. Mwanafunzi anayesema kifua kinambana abaki garini na asipoteze kitu. Na sisi tusipeleke watoto 31 kwa sababu basi lina viti 31. Nilifanya hivyo ili kuokoa pesa ya kukodi mara ya pili. Pesa hizo nazikumbuka mpaka senti ya mwisho.

Kwa wakubwa wa serikali na wajumbe mnaokuja na misafara, nina ombi fupi: msivue kofia kwa ajili ya picha, na msifupishiwe maelekezo kwa sababu ya cheo. Mkifanya hivyo, kijana anayewatazama anajifunza kwamba kinga ni ya wadogo. Zaidi ya hayo, siku ile redio ilipomharakisha msindikizaji wetu, aliyekuwa akiharakishiwa njia alikuwa mtu wa cheo chenu.

Wapo watakaosema kwamba nimefanya mlima wa kovu moja. Hii ni Lualaba, watasema, mahali ambapo lori la asidi lilipinduka njiani kuelekea mgodini Februari 2019 likaua watu wasiopungua 18 waliokuwa kwenye safari zao tu. Nani ana nafasi ya kuhangaikia wanafunzi wenye vizibao? Jibu langu ni kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Maswali ya mgeni ni yale ambayo mfanyakazi ameacha kuyauliza. Kile kisafisha macho hakikuwa na maji kwa ajili ya wafanyakazi pia, na hakuna anayejua kwa siku ngapi. Mpaka siku ile kundi la wanafunzi lilipokihitaji, hakuna aliyekuwa amekigusa.

Yule dada bado yupo kwenye mafaili. Nimemwomba radhi, akacheka, akasema, “Mwalimu, ungekuwa wewe ungefanyaje?” Sikuwa na jibu siku ile. Naomba wakubwa wake wampe lile jibu, na redio yake.

Staji inaanza Julai. Nitakuja na wanafunzi 24 kwa makundi matatu, siku tatu tofauti. Basi nimekwisha kulipia. Langoni nitauliza ni nani kati yenu ana ruhusa ya kuturudisha, na nitaomba atajwe kwa jina. Kisha nitaomba kukandamiza kile kibao cha kijani.

Wenu,
Mwalimu wa kemia, Kolwezi